Nani Anamtaja Nani

Katikati ya miaka ya 1990, mtu aliyeandika neno "Harvard" kwenye mtambo wa utafutaji wa intaneti alirundikiwa kurasa zaidi ya milioni moja. Zote zilikuwa na neno hilo. Tovuti ya chuo chenyewe ilikuwemo pia, lakini haikuwa na sababu ya kutangulia, maana haikulitaja jina lake mara nyingi kuliko wengine walivyolitaja. Anayetafuta watengenezaji wa magari alikuwa na taabu zaidi, kwani Toyota na Honda hawakuwa na haja ya kujiita hivyo kwenye kurasa zao. Kompyuta ilihesabu maneno, na maneno yakaipoteza njia.

Jon Kleinberg, Mmarekani aliyekuwa ametoka tu kumaliza shahada ya uzamivu MIT mwaka 1996, alilichukua tatizo hili alipokuwa kwenye maabara ya IBM ya Almaden, California. Alipendekeza tuache kwanza maneno ya ukurasa, tutazame nani anautaja. Kila kiungo ambacho mwandishi mmoja anakiweka kuelekea ukurasa wa mwingine ni ushahidi mdogo: kuna mtu ameuona unafaa.

Tatizo ni kwamba mashahidi hawalingani. Ukitaka fundi mzuri wa gari mjini, huhesabu tu ametajwa na watu wangapi. Unamsikiliza zaidi anayewajua mafundi. Na umejuaje kwamba anawajua? Kwa sababu aliowataja ni wazuri. Mzunguko huo hauna pa kuanzia, na mwalimu wa mantiki angeufuta ubaoni. Kleinberg aliugeuza hesabu. Kila ukurasa ulipewa alama mbili, moja ya kutajwa na nyingine ya kutaja, na mwanzoni kurasa zote zikawa sawa. Kisha alama ya kutajwa inahesabiwa upya kwa kujumlisha alama za kutaja za kurasa zote zinazouelekea ukurasa huo, na alama ya kutaja kwa kujumlisha alama za kutajwa za kurasa zote ambazo wenyewe unazielekea. Unazipunguza alama kwa uwiano zisivimbe, halafu unarudia. Alianza na kurasa 200 tu zilizoletwa na mtambo wa kawaida, akaongeza jirani zake, na baada ya mizunguko 20 hivi vinara walikuwa wameshatulia mahali pao.

Kupanga matokeo ni jambo la manufaa, lakini kilichonivutia zaidi katika kazi hiyo ni jaribio la neno "jaguar". Kwa Wamarekani wa wakati ule jina hilo lilikuwa la gari, la timu ya mpira wa Kimarekani ya mjini Jacksonville, na la mashine ya michezo ya kampuni ya Atari, mbali na chui wa Amerika mwenyewe. Hesabu ya Kleinberg ilizitenga kurasa katika makundi: Atari peke yake, timu peke yake, gari peke yake. Hakuna aliyeipa kamusi. Mashabiki wa timu huelekezana kwa mashabiki wenzao, wapenda magari kwa wapenda magari, na mpaka kati yao ukajichora wenyewe. Alipojaribu neno la utoaji mimba, wanaounga mkono na wanaopinga walijitenga pande mbili ingawa wote walitumia maneno yaleyale.

Miaka ileile Larry Page na Sergey Brin walikuwa Stanford wakipika wazo la jamii hiyohiyo, na wao wakaanzisha Google mwaka 1998. Kleinberg yeye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Cornell. Mwaka 2006 alipewa Tuzo ya Nevanlinna, heshima kubwa katika hisabati ya kompyuta. Mwaka 2009 yeye, Jure Leskovec na Lars Backstrom walichapisha utafiti uliofuatilia misemo katika makala na blogu milioni 90 za miezi mitatu ya kampeni za urais za Marekani za 2008, wakagundua kwamba kwa kawaida msemo ulifikia kilele kwenye blogu saa mbili na nusu baada ya vyombo vikubwa vya habari.

Baadaye aliwageukia watu. Akishirikiana tena na Backstrom, aliyekuwa Facebook, aliuliza swali ambalo shangazi yeyote angelipenda: ukipewa orodha ya marafiki wa mtu na nani anafahamiana na nani, bila picha wala majina, utamtambua mwenzi wake? Walichukua watumiaji wapatao milioni 1.3 waliokuwa wametangaza wenzi wao. Kubahatisha tu kungepatia mara mbili katika mia, au chini ya hapo, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na marafiki wasiopungua 50. Kumchagua yule mwenye marafiki wengi wa pamoja nawe kulipatia karibu robo tu, kwa sababu njia hiyo humwangukia mfanyakazi mwenzako. Rafiki zenu wa pamoja ni wengi, ila wote ni wa ofisi moja na wanajuana.

Mwenzi ni tofauti. Anamjua binamu yako wa kijijini, rafiki yako wa sekondari, na bosi wako, watu ambao wenyewe kwa wenyewe hawajuani kabisa. Wanakutana kwenu nyinyi wawili tu. Kipimo cha mtawanyiko huo kilimtambua mwenzi kwa zaidi ya nusu ya watu, na kwa waliooana kilifika asilimia 60. Pale kipimo kilipokosea, wapenzi hao walielekea zaidi kuachana ndani ya miezi miwili iliyofuata.

Kipimo hicho hakihitaji kusoma ujumbe wako hata mmoja. Kinahitaji kujua nani anamjua nani, na sehemu ya habari hiyo imelala kwenye orodha ya namba iliyomo simuni mwako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini kidole kinachobonyeza "Ruhusu" ni chako. Programu ya mkopo au ya mchezo ikiomba kuiona orodha hiyo, iulize ya nini. Isipokuwa na jibu la kueleweka, ikatalie, maana watu waliomo kwenye orodha hawajaulizwa.