Baada ya Msimamizi wa Mirathi Kuteuliwa

Kikao cha ukoo kinapokaa baada ya arobaini, mjadala huwa mmoja: nani awe msimamizi wa mirathi. Watu hukesha wakibishana, wengine hununiana miaka. Mahakama ikishamteua mtu, familia nzima hulala usingizi. Nguvu hizo zimepotea bure, kwa sababu kinachomlinda mrithi hakimo katika jina la msimamizi. Kimo katika hesabu anazodaiwa.

Kwanza, kikao hakiteui mtu. Muhtasari wake huionyesha Mahakama ya Mwanzo familia imekubaliana nini. Anayeteua ni mahakama. Na uteuzi haumpi msimamizi mali hata moja, awe kaka mkubwa, awe mjane. Kazi yake ni kukusanya alivyoacha marehemu, kulipa madeni, na kuwagawia wenye haki kinachobaki. Kwa Tanzania Bara, kanuni za mwaka 1971 zinazoongoza Mahakama za Mwanzo zinampa miezi 4 awasilishe orodha ya kweli na kamili ya mali na madeni, kwa Fomu Namba 5, labda mahakama imwongezee muda. Kisha hutoa hesabu kwa Fomu Namba 6, kila mahakama itakapopanga. Mirathi ya Mahakama Kuu ina miezi 6 kwa orodha na mwaka 1 kwa hesabu. Shamba lisilotajwa kwenye orodha ndilo litakalouzwa kimyakimya, kwa hiyo hapo ndipo pa kukodoa macho.

Wapo wasemao kudai hesabu ni kumwita ndugu yako mwizi. Sioni hivyo. Msimamizi mwaminifu aliyelipa deni la hospitali au kodi ya ardhi hana kinga nyingine ila maandishi. Bila hayo, atatuhumiwa hata kwa fedha alizotoa mfukoni mwake. Wengine hulalamikia nauli na foleni, na hilo ni kweli kwa walio mbali na mahakama. Lakini safari hiyo ni nafuu kuliko kufukuzana na mtu aliyekwishanunua nyumba. Tena mahakama ina mamlaka ya kutengua uteuzi panapokuwa na sababu ya kutosha, nayo haiwezi kuijua sababu hiyo pasipo mtu wa kuisema.

Kama miezi 4 imepita na hujaiona Fomu Namba 5, chukua namba ya shauri, nenda masjala ukaiulizie.