Kioo cha Jicho Hakingoji Kesho

Wakati wa palizi huko Kisarawe na vijijini Kibaha, ni jambo la kawaida jani au kijiti kumpiga mama jichoni. Jicho huwa jekundu na kutoa machozi, naye hujifariji, "Litapona tu." Jirani humpa maji ya majani, mwingine humletea matone yaliyobaki kwa mgonjwa mwingine. Siku chache baadaye doa jeupe hutokea mbele ya jicho. Hapo ndipo wengi huanza safari ya hospitali.

Kinachoumia ni konea, sehemu angavu iliyo mbele ya jicho mfano wa kioo cha dirisha. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Haina mishipa ya damu, na ndiyo sababu mwanga hupita bila kizuizi. Kidonda kikiingia ndani, hata kikipona huacha kovu jeupe, ambalo wengi huliita chamba.

Je, daktari huonaje ndani ya kitu chembamba hivyo? Kwanza hutumia darubini yenye taa ya mwali mwembamba, iliyobuniwa na Allvar Gullstrand wa Sweden mwaka 1911. Hutia pia rangi maalumu jichoni, na chini ya mwanga wa buluu kidonda hung'aa kijani.

Siku hizi zipo mashine kali zaidi. Moja hupima kwa mwanga unaorudi kutoka ndani ya jicho na kuonyesha matabaka ya konea, bila kisu wala sindano. Nyingine, hadubini ya konfokali, huonyesha hata chembe moja moja, na inaweza kugundua nyuzi za kuvu zilizoingia kutokana na jani au kijiti. Hadubini ya aina hiyo imetumika hapa nchini: mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa makovu ya vikope, yaani trakoma, kwa wagonjwa wa kaskazini mwa Tanzania.

Lakini, dada yangu, mashine hizo ziko katika hospitali chache, na hakuna picha inayorudisha konea iliyokwisha kuoza. Saa za kwanza ziko mikononi mwetu. Basi tukumbuke haya:

1. Usisugue jicho. Lioshe kwa maji safi. Likiingiwa na salfa ya mikorosho au dawa nyingine, lioshe kwa maji mengi kwa muda usiopungua dakika 15.

2. Kitu kikichoma jicho na kunasa, usikivute.

3. Usitie maji ya majani, mkojo wala maziwa ya mama. Matone ya mtu mwingine yanaweza kuwa na steroidi, ambayo huchochea kuvu.

4. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hospitali ya Wilaya Kisarawe au Tumbi, Kibaha, watakueleza kama unahitaji kupelekwa mbele.

Na watoto wetu je? Surua na upungufu wa vitamini A huharibu konea. Mpeleke mtoto chanjo ya surua akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Apate matone ya vitamini A kila miezi sita mpaka atimize miaka mitano. Nyumbani mpikie mchicha na matembele, umpe na papai na maembe.

Mama anayewahi kituoni leo huenda asihitaji kamwe mashine hizo kubwa.