Umeweka Linux, Waifai Haionekani? Soma Hapa Kabla Hujapanda Gari Kwenda Mtwara



Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kwetu huku Oktoba ndio mwezi wa korosho kwenda mnadani, simu haipoi, na anayeuza korosho za kubangua mtandaoni hana muda wa laptopu inayozingua. Laptopu nyingi za mtumba tunazotumia, HP na Dell za zamani, hazikidhi masharti ya Windows 11. Ndiyo maana wengi wamehamia Linux Mint, ambayo inaridhika na RAM ya GB 4. Uamuzi mzuri. Shida inaanza pale waifai inapogoma na oda za WhatsApp Web zinasubiri.

Kwanza kabisa, daftari lako la oda na madeni, lihamishe. Ukichagua "Erase disk" umefuta kila kitu, wateja na madeni yao. Na usilihifadhi kwenye fleshi ileile utakayowekea Mint, maana hiyo nayo inafutwa wakati wa kuiandaa. Tafuta fleshi mbili.

Halafu usikimbilie kuinstoo. Mint ukiiwasha kutoka kwenye fleshi inafanya kazi bila kugusa diski. Jaribu waifai, sauti, kamera na printa hapohapo. Ukienda kununua laptopu ya mtumba, beba fleshi hiyo mfukoni na umwombe muuzaji uiwashe kabla hujatoa hela. Akikataa, mimi ningeondoka.

Sasa waifai. Sababu ya kwanza ni ya kuchekesha: imezimwa kwa mkono. ThinkPad nyingi za zamani zina swichi ndogo ubavuni, na HP nyingi zina kitufe chenye taa inayogeuka ya chungwa waifai ikizimwa. Fungua Terminal, andika:

rfkill list

Ukiona "Hard blocked: yes", tafuta hiyo swichi au kitufe. Ukiona "Soft blocked: yes", andika rfkill unblock all.

Kama siyo hivyo, andika:

lspci -nnk | grep -A4 Network

Utaona jina la kadi, na chini yake mstari wa "Kernel driver in use". Mstari huo usipokuwepo, kadi imeonekana ila haina draiva. Kadi za Intel kwa kawaida hazisumbui. Wasumbufu ni Broadcom: draiva yao inabidi uiongeze mwenyewe, na watu wanauliza, nitaipakuaje wakati sina intaneti?

Simu yako ndiyo jibu. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, washa "USB tethering". Linux inaitambua simu kama waya wa mtandao, bila draiva yoyote ya ziada. Hakikisha waya ni wa data, kuna zile za kuchajia tu zinazopoteza watu mchana kutwa. Kisha fungua Driver Manager, chagua draiva iliyoandikwa "recommended", subiri imalize, zima uwashe. Siku hiyo usiguse Update Manager, italamba bando lote.

Kuna mtego mmoja hapo. Kama Secure Boot imewashwa, utaombwa uweke nywila, na kompyuta ikiwaka tena inaleta skrini ya bluu. Wengi wanaogopa na kubonyeza "Continue boot". Hapana: chagua "Enroll MOK", weka nywila ileile. Ukiiruka, draiva haitafanya kazi na utadhani umekosea.

Wa Dell Latitude: Mint ikisema haioni diski, ingia BIOS kwa F2, tafuta "SATA Operation". Ikiwa "RAID On", weka AHCI. Ila Windows iliyomo inaweza isiwake tena baada ya hapo, kwa hiyo fanya hivi ukiwa umeshahamisha vitu vyako.

Mwisho kuna hili linalochanganya hata mafundi: waifai imeshika, alama ipo, lakini kila ukurasa unadai si salama. Angalia saa. Laptopu ya mtumba yenye betri ndogo iliyokufa hurudi miaka ya nyuma kila ikizimika kabisa, umeme ukikatika na betri kubwa nayo mbovu. Rekebisha tarehe, kurasa zitafunguka. Nyingi hutumia kibetri cha duara, CR2032, ila fungua uone chako kabla ya kununua, vingine vina waya wake.

Ukikwama, usituandikie "haisomi waifai" tu. Piga picha ya majibu ya ile amri ya lspci, tutumie inboksi pamoja na jina la laptopu.