Bundi wa Itombwe na Ndakala wa Baraka

Wajukuu, sogeeni. Nitawasimulia habari za ndege ambaye wanasayansi wamemtia mikononi mara mbili tu. Mara zote mbili ilikuwa kwetu, Kongo ya mashariki, katika milima ya Itombwe, ile inayopanda nyuma ya Fizi na kuendelea hadi Mwenga na Uvira.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1951. Alipatikana mahali panapoitwa Muusi, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kule ambako mtoto wa Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, akifika na fulana yake ya ufukweni atalia kwa baridi. Ndege huyo akamfikia Alexandre Prigogine, Mbelgiji mzaliwa wa Urusi aliyekuwa akifanya kazi Kivu huku akikusanya ndege. Mwaka uliofuata yule ndege akaandikwa katika vitabu na kupewa jina la Prigogine. Kisha kimya. Kilichobaki kilikuwa ngozi moja tu, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji.

Miaka 45 ikapita. Wakubwa walianza kusema kwamba labda ameshakwisha. Mwezi Mei 1996, katika pembe ya kusini-mashariki ya msitu huo huo, watafiti waliokuwa wametega nyavu nyembamba za kunasia ndege wakamkuta jike amenasa. Mdogo, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, uso mweupe-mweupe, macho meusi. Wakampima, wakampiga picha, wakamwachia aende zake. Miezi michache baadaye vita vikaingia, na watafiti wakaondoka.

Najua mmoja wenu ameshanyanyua mkono anataka kusema: lakini babu, huyo si bundi? Bundi si ni wa wachawi? Ndiyo, ni bundi. Na mimi nilikua nikisikia hayo hayo. Ila angalieni anachokula bundi: panya, vyura, wadudu. Panya huyo huyo ndiye anayetoboa magunia ya mahindi ghalani. Kumuua bundi kwa sababu analia usiku ni kumwadhibu mlinzi kwa kuwa yuko macho. Nimesema, na wazee wenzangu wanisamehe.

Sasa twende kusini. Ukitoka Baraka ukafuata pwani ya ziwa kuelekea Kalemie, mkono wako wa kulia kuna msitu unaopanda mlima hadi mawinguni. Watu wa vitabu waliuita Misotshi-Kabogo. Tangu mwaka 1960 hakuna mtafiti wa wanyama aliyekuwa ameukanyaga, maana nchi haikutulia. Mwanzoni mwa mwaka 2007 kikundi kikaingia: watu wa mashirika ya uhifadhi ya WCS na WWF, wa jumba la makumbusho la Field la Chicago, pamoja na Wakongomani wenzetu kutoka kituo cha utafiti cha Lwiro. Walikaa kati ya Januari na Machi. Walipotoka, walikuwa na wanyama sita ambao sayansi haikuwajua: popo mmoja, panya mmoja wa porini, virukanjia wawili na vyura wawili. Mimea mingi waliyoichuma iliwashinda hata wataalamu kuitambua.

Hapo mtu atauliza: sita tu, tena vyura na panya? Ndiyo, na hao ndio wanaonifurahisha zaidi. Tembo hata asiye na haja naye anamwona. Chura wa ukubwa wa ukucha, anayeishi kwenye mlima mmoja tu duniani, huyo akipotea hakuna atakayegundua kwamba alikuwepo. Wawindaji wa Kibembe bila shaka walikuwa wakiwaona miaka yote, ila hakuna aliyewauliza.

Kuulizwa ni jambo zito, nalo halikuanza vizuri. Mwaka 2006 waziri mjini Kinshasa alisaini karatasi kwamba Itombwe ni hifadhi. Vijiji vilivyokuwa ndani ya msitu, vyenye mashamba na makaburi ya mababu, havikushirikishwa. Watu wakakasirika, na walikuwa na haki. Msitu huo unawalisha: uyoga, asali, dawa, mianzi, nyama. Ikabidi kazi ianze upya, polepole, kijiji kwa kijiji. Wazee walikaa lubungani, kwenye baraza lao, wakachora ramani pamoja na mafundi wa ICCN, taasisi ya serikali ya kutunza hifadhi, na mashirika: hapa tunalima, hapa tunachuma, hapa hatugusi. Tangu karatasi ile isainiwe, ilipita miaka kumi. Mwaka 2016 ndipo gavana wa Kivu Kusini alipoweka mipaka mipya, ya hifadhi yenye karibu kilomita za mraba 5,700. Mwaka huo huo, kule kusini, ule msitu wa Misotshi-Kabogo ukatangazwa kuwa hifadhi, kwa jina la Kabobo, upande wa mkoa wa Tanganyika, na upande wetu wa Fizi ikapakana nayo hifadhi ya Ngandja. Mtu akiwaambia kwamba hifadhi ni mambo ya wazungu, mkumbusheni ile ramani ilichorwa na nani.

Ndani ya Itombwe yumo pia gorila wa Grauer, ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote ila Kongo ya mashariki. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa 16,900. Mwaka 2016 hesabu ikasema 3,800, na dunia ikashtuka. Mwaka 2021 hesabu nyingine ikasema 6,800. Msidhani walizaliana hivyo kwa miaka mitano! Gorila jike huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Kilichotokea ni kwamba watafiti walifika sehemu ambazo zamani hazikufikika kwa sababu ya bunduki, wakakuta makundi ambayo hawakuwa wameyahesabu. Pamoja na habari hiyo njema, zaidi ya nusu wametoweka ndani ya umri wa baba zenu.

Walikwenda wapi? Wengi waliishia sufuriani. Panapochimbwa dhahabu na koltani ndani ya msitu, wachimbaji mamia wanafika bila shamba wala mbuzi, na lazima wale. Mnaijua Misisi na migodi yake ya dhahabu. Mgodi unataka nyama, unataka mbao za kuzuia mashimo yasiporomoke, unataka makala. Makala ya Baraka nayo yanatoka wapi? Juu huko huko. Tangu mwaka 2015 tumewapokea pia ndugu zetu Warundi, kambi ya Lusenda ikajaa, nao wanapika kama sisi. Siwalaumu. Wala siwalaumu mama zenu kwa gunia la makala, kwa sababu hakuna aliyewaletea gesi wala umeme wa kupikia. Ninachoomba ni kidogo: mbabula ya udongo iliyojengwa vizuri, yenye kuta nene na tundu dogo la hewa chini, huivisha sombe lile lile kwa makala machache kuliko mbabula ya bati tupu. Maharage yakilowekwa usiku, yanaiva mapema asubuhi. Sufuria ifunikwe. Haya mambo mtoto wa miaka kumi anaweza kuyafanya bila ruhusa ya gavana.

Lakini kisa chetu hakiishii mlimani, kwa kuwa maji hayakai mlimani.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025 mvua kubwa ilinyesha juu ya Kasaba, kijiji cha Fizi kando ya ziwa. Mto ukavimba, ukavunja kingo, ukashuka na mawe makubwa, miti na matope juu ya nyumba za watu waliolala. Viongozi wa Fizi walitaja zaidi ya watu 100 waliokufa, wengi wakiwa watoto na wazee. Mvua ya namna ile ingeweza kuleta maafa hata penye miti. Hata hivyo mizizi hushika udongo, na majani huipokea mvua kabla haijapiga ardhi. Mlima uliovuliwa nguo hauna cha kuizuia.

Matope yakifika ziwani, msidhani kazi yake imekwisha. Tanganyika ina umri wa mamilioni ya miaka, na kina chake kinafika mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake lililozidi. Kwa muda huo mrefu samaki wamejigawa kuwa aina kwa aina ambazo hazipatikani maji mengine yoyote. Wako wanaotaga mayai kisha wakayahifadhi mdomoni hadi vifaranga viogelee. Wako wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, kila mmoja na nyumba yake. Wako wale wa kwenye miamba, ambao ukivuka ghuba moja tu unakuta wamebadilika rangi, kwa sababu hawathubutu kuogelea juu ya mchanga kwenda kuoana na majirani. Hao wa miambani hukwangua mwani unaoota juu ya mawe. Udongo wa shamba ukishuka, unaufunika mwani. Jiwe lipo, chakula hakipo. Katika miaka ya 1990 watafiti walilinganisha pwani zenye misitu na pwani zilizokatwa miti, kaskazini mwa ziwa hili. Penye matope mengi walikuta aina chache zaidi za viumbe.

Ndakala, yule samaki mdogo, yeye haishi miambani. Anaishi katikati, kwenye maji wazi, kwa makundi makubwa, na maisha yake ni kama mwaka mmoja tu. Mnajua jinsi baba zenu wanavyomvua: usiku usio na mwezi, taa zinawashwa, ndakala wanapanda kuufuata mwanga, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikiwa kubwa, mitumbwi inapumzika. Zamani nilidhani mwezi uliwekwa kwa ajili hiyo.

Je, ndakala anakula nini? Vijidudu vya majini. Navyo vinakula nini? Mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani nao unahitaji mbolea, na mbolea ya ziwa hili imezama chini kabisa, kwenye giza lisilo na hewa ambako samaki hafiki. Nani anaipandisha? Upepo wa kiangazi. Unavuma kutoka kusini kuanzia mwezi wa tano, unayasukuma maji ya juu, na yale ya chini yanapata nafasi ya kupanda. Shida ni kwamba dunia inapata joto, na maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanaelea juu ya yale baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Upepo unayachezesha bila kuyachanganya. Mwaka 2003 watafiti waliandika kwamba joto hilo limepunguza ukuaji wa mwani ziwani kwa karibu asilimia 20, na kwamba samaki huenda wamepungua kwa kama asilimia 30. Moshi uliosababisha joto hilo haukutoka kwenye mbabula za Baraka. Ulitoka kwenye viwanda na magari ya nchi ambazo hazijui hata ndakala ni nini. Hilo linaniudhi, sitawaficha.

Walakini sehemu nyingine ni yetu. Mitumbwi imeongezeka, nyavu zina macho madogo kuliko zamani, na wako wanaoshona vyandarua vya mbu walivyopewa bure hospitalini, wakavuta navyo ukingoni ambako vifaranga hujificha. Ndiyo maana nchi nne zenye ziwa hili, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, ambazo zilisaini mkataba wa kulitunza pamoja mwaka 2003, zilikubaliana baadaye kusimamisha uvuvi miezi mitatu kila mwaka, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Tanzania ilifunga upande wake mwaka 2024. Kongo ndiyo yenye sehemu kubwa kuliko zote, karibu nusu ya ziwa, kwa hiyo sisi tukivua kwa wizi, kufunga kwao kunakuwa bure. Samaki hana pasipoti.

Mimi naiunga mkono sheria hiyo, lakini nina neno. Mvuvi wa Baraka hana mshahara. Akikaa pwani miezi mitatu, watoto wake watakula bugali na nini? Serikali inayofunga ziwa bila kufikiria mbegu za mboga, mbuzi, au mkopo mdogo kwa mama anayeuza samaki, inamsukuma mvuvi aende usiku akiwa amezima taa. Wako askari wanaochukua fedha na kugeuza macho; hilo nalo mnalijua. Atakayetaka ndakala warudi lazima aanzie jikoni kwa mvuvi.

Nanyi mnaweza kukagua kazi ya wakubwa. Kiangazi kijacho, mwezi wa sita, piteni sokoni. Ndakala mkavu anaweza kuwa wa akiba, huyo msimseme. Mkikuta aliye mbichi, anayeng'aa, mjue mtu alikwenda ziwani. Kisha mpimeni kwa rula ya shuleni. Aliyepevuka hufikia sentimita 7 hivi au zaidi. Akiwa na 4, huyo hajawahi kutaga. Andikeni tarehe na urefu kwenye daftari, wiki baada ya wiki, na wakati wa kupima mwombeni mama muuzaji kwa heshima, shikamoo kwanza, maana na yeye alimnunua kwa fedha. Daftari likijaa, mpelekeeni mwalimu wenu wa biolojia, naye alifikishe kwa kamati ya wavuvi.