Kujihurumia si Kujidekeza

Kitenzi "kujihurumia" hutiliwa shaka na wengi. Kiambishi -ji- hulielekeza tendo kwa mtendaji mwenyewe, na msikilizaji hudhani papo hapo kwamba mhusika anajililia au anajidekeza. (Ajabu ni kwamba kiambishi hicho hicho katika "jikaze" hakimsumbui mtu.)

Mwaka 2003, Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, Marekani, aliichanganua huruma kwa nafsi katika sehemu tatu: kujitendea wema badala ya kujisuta, kutambua kwamba kukosea ni hali ya wanadamu wote, na kuyatazama maumivu yalivyo, pasi na kuyapuuza wala kuyatia chumvi. Sehemu ya pili ndiyo hasa kitenganishi. Anayejililia hujiona yu peke yake duniani, ilhali anayejihurumia hujiona mmoja miongoni mwa wengi walioteleza.

Je, huruma hii haizai uvivu? Swali hili ni la haki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwapa wanafunzi mtihani mgumu wa msamiati. Walioelekezwa kujihurumia baada ya kushindwa walitumia muda mrefu zaidi kuliko wenzao kujiandaa kwa mtihani uliofuata.

Basi mwanafunzi aliyeanguka fonolojia na ajiulize angemwambia nini mwenzake wa chumbani aliyepatwa na hayo. Ajiambie maneno yayo hayo, kisha afungue daftari.