Barua ya Matiti Hukoma Ukitimiza 71

Wiki iliyopita tumegombana kwenye grupu la familia, nikaambiwa najifanya daktari. Basi acha nieleze.

Chanzo ni mama. Ana miaka 74, tunaishi naye hapa Reading. Mimi wa 52 nimeletewa barua ya kupimwa saratani ya matiti, yeye hakuletewa. Hapa Uingereza barua ya kwanza huja kati ya miaka 50 na 53, kisha kila baada ya miaka mitatu, hadi utimize 71. Nami nilipimwa wapi? Ndani ya trela, kwenye maegesho ya supamaketi! Unapanda ngazi za chuma, unavua blauzi, titi linabanwa kati ya vibamba viwili mpaka unauma meno, halafu unashuka ukanunue maziwa. Hakuna aliyeniuliza hata habari za nyumbani. Tanga nesi angeanza na salamu.

Lakini linaloniudhi ni hiyo 71. Kadiri seli zinavyogawanyika miaka nenda rudi ndivyo makosa yanavyojilimbikiza, na ndiyo maana kati ya wagonjwa watano wa hapa, kama wanne wamevuka 50. Aliyepita 71 haki anayo, ila apige simu mwenyewe. Mama angejuaje? Nimempigia mimi.

Ndipo shemeji akaandika kuwa huo ni ugonjwa wa wanawake. Kwa sehemu kubwa, ndiyo, maana homoni ya estrojeni huyachochea matiti yetu tangu kuvunja ungo. Ila nyuma ya chuchu ya mwanamume nako kuna nyama ya titi. Kati ya wagonjwa 100, mmoja hivi ni mwanamume, na aliyerithi jeni ya BRCA2 yenye kasoro yuko hatarini zaidi. Shemeji, ukipapasa kivimbe, usingoje kiume.

Hayo hayo nilimwambia mwanangu wa miaka 15 akifunga viatu vya mpira. Akaziba masikio, akatoka na kamba moja inaburuta. Tangu aanze sekondari kila neno langu ni aibu mbele ya wenzake, na nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza. Mdogo wake wa kike, wa miaka tisa, ndiye aliyekaa na bibi yake akamsomea karatasi ya miadi, akifasiri neno kwa neno. Alipofika kwenye “usipake manukato kwapani”, mama alicheka hadi akafuta machozi. Miadi ni Jumanne. Binti anataka kuomba ruhusa shuleni, amsindikize.