Moyo Umepona, Mishipa Je?



Kila fundi wa mitambo anajua kuwa bomba likibanwa mahali, shinikizo hupanda nyuma ya kizuizi na kupungua mbele yake. Ukiondoa kizuizi, maji hupita vizuri. Lakini sehemu ya bomba iliyosukumwa kwa nguvu miaka mingi imekwisha kuchoka, nayo haiwi mpya kwa sababu kizuizi kimeondoka.

Mwili wa binadamu nao una mabomba yake, yaani mishipa ya damu. Karibu mtoto 1 kati ya kila 100 huzaliwa na kasoro ya moyo au ya mishipa mikubwa iliyo karibu nao. Kasoro hizo ni za namna nyingi. Leo tutazungumza juu ya moja: kubanwa kwa aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni na kuipeleka mwilini mzima.

JINSI INAVYODHURU

Aota hutoka juu ya moyo, hutoa matawi ya kwenda kichwani na mikononi, kisha hupinda kushuka tumboni na miguuni. Katika kasoro hii, mara nyingi hubanwa baada tu ya tawi la mkono wa kushoto. Hivyo kichwa na mikono hupata damu yenye shinikizo kubwa, na miguu hupata kidogo. Mwenye kasoro hii aweza kuumwa kichwa, kutokwa damu puani, kuhisi baridi miguuni, na miguu kuchoka upesi akitembea. Wengine hawahisi lolote kwa miaka mingi.

Zamani haikuwa na dawa, na wengi wa wagonjwa hawakufika umri wa miaka 50. Mwezi Oktoba 1944, mjini Stockholm, Sweden, daktari Clarence Crafoord alikata sehemu iliyobanwa na kuunganisha ncha mbili zilizobaki. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mtoto wa shule; wa pili, siku chache baadaye, alikuwa mkulima wa miaka 27. Tangu hapo maelfu ya watoto wamepasuliwa, wakakua, wakaajiriwa. Siku hizi wengine hutibiwa bila kupasuliwa kifua: mrija mwembamba wenye puto hupitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka penye kubanwa, na mshipa ukapanuliwa.

UPASUAJI SI MWISHO

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu huambiwa utotoni kwamba amepona, naye asirudi tena hospitali. Kumbe mishipa ya sehemu ya juu ya mwili mara nyingi hubaki migumu. Mshipa wenye afya hutanuka kila moyo unapopiga, ukapunguza nguvu ya pigo. Mshipa mgumu hautanuki vizuri, na presha hupanda hata kama aota imetengenezwa vema. Presha hiyo isipotibiwa huuchosha moyo, huharibu figo, na yaweza kupasua mshipa wa ubongo. Aota yenyewe nayo yaweza kubanwa tena, au kuvimba mahali iliposhonwa. Mambo hayo hutokea hata miaka 20 au 30 baadaye, wakati mtu yuko kazini na ana watoto wa kulea.

LA KUFANYA

Kama una kovu refu ubavuni upande wa kushoto, linalozunguka chini ya bega kuelekea mgongoni, na hujui ulipasuliwa nini, waulize wazazi au wakubwa zako. Kisha mweleze mganga.

Presha yako ipimwe kwenye mkono wa kulia. Katika upasuaji wa namna fulani, mshipa wa mkono wa kushoto ulitumiwa kuzibia pengo, na kipimo cha mkono huo hudanganya. Omba na mguu upimwe. Kwa kawaida presha ya mguu hailingani na ya mkono tu, bali huizidi kidogo. Ikiwa ya mkono inaizidi ya mguu kwa 20 au zaidi, daktari wa moyo anahitajika. Kipimo kikirudia kufika 140 kwa 90 au kupita, matibabu yanatakiwa, hata kama hujisikii mgonjwa.

Na wewe kijana ambaye hukupasuliwa kamwe, lakini umeambiwa una presha kabla ya miaka 30: mwombe mganga apapase mapigo ya damu kwenye kinena chako. Ni kazi ya dakika moja tu.

Acha sigara, maana huharibu kuta za mishipa. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Kutembea ni kuzuri, lakini kunyanyua mzigo mzito huku umebana pumzi hupandisha presha ghafla. Anayebeba magunia au matita ya mkonge amwulize daktari kwanza.

KAZI YA CHAMA

Wako wafanyakazi wanaoficha kovu lao wasije wakakosa ajira. Wakiagizwa kliniki hawaendi, kwa kuwa siku moja ya kukosa kazi ni siku ya kukatwa mshahara. Hofu hiyo yaweza kuua kama ugonjwa wenyewe. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema kwamba kutokuwepo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa si sababu halali ya kumfukuza mtu. Uganda, Zambia na Kongo ni miongoni mwa nchi zilizouridhia.

Kwa hiyo makatibu wa matawi wadai mambo matatu katika mapatano na waajiri: mashine ya kupimia presha katika kila zahanati ya kiwanda na shamba; ruhusa yenye malipo kwa mfanyakazi aliyeagizwa kliniki ya moyo; na kazi nyepesi, bila kupunguziwa mshahara, kwa yule ambaye daktari amemkataza mizigo mizito.

Mashine za mwajiri hukaguliwa kila mwaka hata kama hazijaharibika. Mwenye kuziendesha naye anastahili kukaguliwa.